Kicheko cha Jumamosi

Ukumbi wa maduka ulikuwa umefurika mpaka ngazi za umeme zikazimwa kwa hofu ya ajali. Ilikuwa siku ya kuzindua laptopu mpya, nyembamba kama sahani, na muziki ulipigwa kwa nguvu kiasi kwamba vijana wa mauzo walilazimika kumpigia kila mteja kelele sikioni. Watu walijipanga foleni kwenda kuigusa mashine kama wanaokwenda kumtazama bibi harusi.

Katikati ya foleni alisimama dada mmoja mrefu, amevaa gauni la njano lenye mifuko mikubwa, penseli kaichomeka kwenye nywele na kuisahau huko. Alikuwa mchora ramani za majengo. Kompyuta yake ya kazini ilikuwa imefika mahali pa kugoma kila akichora ghorofa ya tatu, na bosi wake alikuwa amemwambia akajichagulie nyingine. Zamu yake ilipofika hakutazama rangi wala wembamba. Aliigeuza laptopu juu chini, akaiwekea kiganja tumboni, akatulia kama daktari.

"Dada, hairuhusiwi kuigeuza," kijana wa mauzo alisema.

"Mbona ina homa?"

"Eti nini?"

"Ina joto, kaka. Haina kazi yoyote, inaonyesha picha za maua tu, na tayari imechemka. Mimi nikiipa jengo la ghorofa saba si itanichemshia chai?"

Watu wa nyuma wakaangua kicheko. Mmoja wao akasema, "Rudia hapo pa chai, tafadhali. Kinasa sauti hakikuwa kimewashwa."

Aliitambua sauti ile kabla hajageuka. Mtu yeyote aliyewahi kuamka Jumamosi asubuhi na kufungua redio aliijua: nzito, tulivu, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa maneno, kama mtu aliyetoka usingizini sasa hivi na kufurahi kukukuta. Ilikuwa sauti ya mtangazaji wa *Kifaa cha Wiki*, kipindi kilichoanza kwa habari za simu na kompyuta mpya, kikaweka kifaa kimoja mezani na kukichambua, kisha kikapokea simu za wasikilizaji.

Dada akageuka. Mbele yake alikuwepo kijana wa shati la bluu lililopigwa pasi vizuri, macho ya kucheka, kichwa kinamfikia yeye puani.

"Kumbe mfupi hivi!" likamtoka. "Redioni unasikika mrefu."

"Ndiyo maana niliikimbia televisheni." Akanyoosha mkono. "Kesho asubuhi njoo studio, useme hivyo hivyo ulivyosema hapa."

"Mimi? Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Mimi ni mkorofi tu."

"Wataalamu ninao, dada. Wanalaza watu. Mkorofi ndiye sina."

Akaenda. Alidhani ni Jumamosi moja, akaenda na ya pili, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kama atakuja. Wasikilizaji wakambatiza jina la Mkaguzi. Yeye naye akamwita mwenzake Sauti, na jina likashika hata nje ya studio. Mezani wakikaa pamoja, yeye akiponda, Sauti akitetea, simu zilifurika.

"Mkaguzi, simu hii ina kamera nne," Sauti angesema.

"Za nini? Mtu ana uso mmoja."

"Hutaki hata kuisifu kidogo?"

"Naisifu boksi lake. Boksi zuri sana. Nitawekea vitunguu."

Na Sauti angecheka. Kicheko chake ndicho kilichokuwa kikimmaliza yule dada. Kilianza kifuani, kikapanda polepole, kikamwagika. Alijikuta wiki nzima anatunga maneno ya Jumamosi, si kwa ajili ya wasikilizaji, ila akisikie kile kicheko. Kabla hawajaambiana lolote, mjini kulikuwa na watu walioapa kwamba hawa wawili ni mke na mume.

Walikuja kuambiana kwenye simu, Jumatano moja mchana.

"Mkaguzi, unafanya nini?"

"Nachora choo."

"Nakupenda."

Kalamu ikamtoka mkononi. "Sauti, nimekuambia nachora choo, na wewe ndipo ulipopaona pa kusemea?"

"Nilikuwa nasubiri uchore kitu kizuri, nikaona nitazeeka."

"Subiri nimalize bomba hili," alisema, akiinama kuiokota kalamu, "halafu nitakujibu kwamba na mimi nakupenda."

Wakawa hivyo. Sauti alimfuata dada kazini jioni, wakatembea kwa miguu hadi kwa dada, wakisimama kwenye kila dirisha la duka lenye kompyuta na kubishana. Kitu kimoja tu kilimkera dada. Sauti hakuwahi kumpeleka kwao. Alijua kuna mama, na kuna kaka mkubwa aliyemlea Sauti baada ya baba yao kufariki, kaka ambaye "anafanyafanya biashara." Akiuliza siku ya kwenda, Sauti alimbusu kwenye paji la uso na kumwambia, "Subiri kidogo, mpenzi. Kuna jambo la kaka linakamilika, halafu tunakwenda kwa shangwe." Alisubiri. Lakini moyoni alianza kujiuliza kama wanamwonea haya kwa huo ulimi wake.

Siku moja Sauti akamletea boksi la kijani lenye picha ya jani. Ndani mlikuwa na laptopu iitwayo Chipukizi, iliyounganishwa na karakana ndogo ya mjini hapo hapo, kwa ajili ya wanafunzi.

"Kaa nayo wiki. Jumamosi tunaiweka mezani."

Akakaa nayo. Siku ya Alhamisi akampigia.

"Sauti, hii mashine umeitoa wapi?"

"Imeletwa tu. Vipi?"

"Mbaya. Feni inalia kama mtoto mwenye njaa, betri inakata bila kuaga, na bawaba ya skrini imeshaanza kupasuka. Lakini walioiunda ni watu wadogo, wanajaribu. Mimi naona tuwapigie pembeni, tuwaambie warekebishe. Jumamosi tuzungumzie kitu kingine."

Dada alisikia pumzi za Sauti.

"Hapana," Sauti akasema. "Kipindi ni kipindi. Sema kama unavyosema siku zote. Usimwonee mtu haya."

"Una hakika?"

"Mkaguzi wangu, tangu lini umekuwa mwoga?"

Jumamosi ikafika. Dada alikuwa amekusudia kuwa mpole, na dakika za mwanzo alikuwa mpole kweli. Lakini maikrofoni ikiwa wazi, na yule mtu wako amekaa mbele yako anasubiri kucheka, upole una kazi. Sauti alimwuliza, "Kwa hiyo mwanafunzi akiiweka mapajani?" Na yeye akajibu, "Asiiweke mapajani, ataungua. Aiweke juu ya sare ya shule. Hii si laptopu, Sauti. Hii ni pasi yenye kibodi!"

Sauti akacheka. Alicheka mpaka akagonga meza, mpaka mpiga mitambo nyuma ya kioo akainamisha kichwa kwa kicheko, mpaka mwanamke aliyepiga simu kutaka kuuliza bei akashindwa kuuliza. Dada aliona utamu ule ule wa siku zote, na akaongeza: "Tena haina hata mvuke!"

Kipindi kilipoisha, Sauti alitazama simu yake, uso ukamshuka. Akatoka mbio hadi koridoni. Dada akamfuata, akamkuta amesimama karibu na ndoo ya mopu, simu sikioni, anasema, "Mama. Mama, nisikilize. Mama." Kisha akaishusha.

"Kuna nini? Mama anaumwa?"

"Chipukizi ni ya kaka yangu."

"Kaka gani?"

"Kaka yangu wa tumbo moja. Ndilo jambo lake lile nililokuwa nakuambia."

Dada akaegemea ukuta. "Nilikupigia simu Alhamisi. Nilikuambia tuache."

"Ningekuambia ni ya kaka, ungepindisha maneno. Nilitaka uwe huru."

"Huru kumchinja shemeji yangu?"

"Hukulazimika kusema ni pasi!" Sauti alifoka, na ile ilikuwa mara yake ya kwanza kumfokea.

"Na wewe hukulazimika kucheka!"

Wakatazamana. Kila mmoja alitaka mwenzake aanze kuomba msamaha, na wote wakaondoka bila kuanza.

Maneno yale yalikimbia mjini kuliko habari ya msiba. Watu waliikata ile sehemu ya kicheko wakaitumiana kwenye simu. Wanafunzi wenye Chipukizi walizomewa darasani, wakaulizwa kama wamekuja kunyoosha mashati. Maduka yakarudisha maboksi ya kijani karakanani, mengine hayajafunguliwa. Haukupita muda karakana ikafungwa, mafundi wakatawanyika, na yule kaka akarudi kuishi kwa mama yake, mtu mzima, kwenye chumba alicholala alipokuwa mvulana. Mama akasema hataki hata kulisikia jina la "yule mwanamke wa pasi."

Kipindi kiliendelea na Sauti peke yake. Dada alijaribu kukisikiliza mara moja, akazima kabla ya habari kwisha. Kazini alichora bila kusema. Watu waliomtambua mitaani walimwomba awachekeshe, na yeye akavuka barabara. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alijijua. Mashine ilikuwa mbovu, hilo hakulitilia shaka. Lakini alikuwa ameionea utamu aibu ya mtu, na Sauti, kwa hesabu yake, alikuwa ameumia kwa kuwa mkweli mno kazini. Alimwona kama mtu aliyekataa kuipendelea hata damu yake. Akazidi kumpenda kwa hilo, na kujichukia.

Miezi ilipita ndipo simu ikalia.

"Mkaguzi."

Alikaa kitandani. "Usiniite hivyo."

"Nikuiteje? Nimejaribu kukuita 'yule,' nikashindwa. Nakukosa mpaka nimeanza kubishana na dirisha la duka peke yangu."

Akacheka bila kutaka, kisha akalia, na upande wa pili naye Sauti akawa anavuta kamasi. Kesho yake wakakutana kwenye mgahawa mdogo karibu na posta. Sauti alikuwa amekonda, shati ni lile la bluu lakini safari hii halijapigwa pasi. Hakuagiza kitu. Alitoa pete kwenye mfuko wa shati, haina hata kiboksi, akaiweka kwenye kidole cha dada kabla ya kumwuliza.

"Uliza kwanza," dada alimwambia.

"Utanioa?"

"Mimi ndiye nikuoe?"

"Vyovyote. Ilimradi tukae nyumba moja."

"Nitakuoa," alisema, akiutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Ila kwanza nipeleke kwenu. Nataka kumwomba kaka radhi kwa mdomo wangu. Siwezi kuingia ile familia kwa mlango wa nyuma."

Sauti alitazama nje. "Si lazima. Tunaweza kuacha muda upite."

"Ni lazima."

Wakaenda Jumapili mchana. Dada alivaa gauni refu la kijani kibichi, shingo imefungwa, hereni ndogo, kama mtu anayekwenda kuomba kazi. Mama wa Sauti alikaa ghorofa ya nne, kwenye jengo lenye ngazi nyembamba zinazonuka sabuni. Alifungua mlango, akaipokea shikamoo kwa "marahaba" kavu, akarudi jikoni kwenye sufuria zake.

Kaka alikuwa sebuleni. Mtu mkubwa, mabega mapana, sauti ndogo isiyolingana na mwili. Akasimama, akamvutia mgeni kiti. Dada hakukaa.

"Kaka, nimekuja kukuomba radhi. Siwezi kusema mashine haikuwa na kasoro, nitakuwa nakudanganya. Lakini nilikucheka. Niliicheka kazi yako mbele ya watu, na nilifurahi wakati nacheka. Hilo ndilo linaloninyima raha. Nisamehe."

Jikoni mwiko ukaacha kugonga sufuria.

Kaka alipangusa viganja vyake kwenye suruali. "Kaa, shemeji," akasema. "Kaa, bwana. Umenipa heshima kuja. Wengine wameniomba msamaha kwa ujumbe wa simu, tena na vikatuni." Akatabasamu. "Maneno yako yaliniuma, sitakuficha. Lakini kasoro zile mimi mwenyewe nilikuwa nazihisi. Ile bawaba ilininyima usingizi. Ndiyo maana mashine ya kwanza kabisa nilimpa huyu mdogo wangu, kabla sijapeleka dukani hata moja. Akakaa nayo mwezi mzima."

Dada alimgeukia Sauti. Sauti alikuwa analitazama zulia.

"Mwezi mzima," kaka akaendelea, bila kuona kitu. "Nikamwuliza, joto? Akasema hakuna joto. Bawaba? Akasema kaka, imara kama mlango wa benki, peleka dukani. Nikamwamini, maana huyu ndiyo kazi yake. Angeniambia chochote ningesubiri kidogo, nikabadilisha feni na bawaba, basi. Lakini si kosa lake. Ile yake ilitokea nzima. Mashine ndivyo zilivyo, moja nzima, kumi mbovu."

"Ndiyo, kaka," Sauti akasema, kwa ile sauti ya Jumamosi.

Mama akatokea na kitambaa mkononi, macho mekundu. "Basi yaishe," akasema. "Binti amekuja mwenyewe kwa miguu yake. Yaishe. Chakula kinaiva, msiondoke."

Dada akasema anashuka chini kidogo kupiga simu. Sauti akamfuata. Walishuka ghorofa mbili, wakasimama kwenye dirisha la ngazini, pale ambapo majirani walikuwa wameegesha baiskeli.

"Yako ilitokea nzima?" dada akauliza.

"Mpenzi..."

"Nakuuliza kitu kidogo tu. Ilitokea nzima?"

Sauti alipitisha kiganja usoni. "Siku ya pili tu ilianza kulia. Wiki haijaisha bawaba ikapasuka."

"Na ukamwambia mlango wa benki."

"Hukuuona uso wake! Alikuwa ameacha kazi kwa ajili ya kitu kile. Yule amenilea. Sijawahi kumwambia neno la kumvunja moyo tangu nizaliwe, sijui hata linaanzaje. Nikaona wewe utalisema. Wewe unaweza. Nilidhani akilisikia kwa mtu baki halitamwuma sana."

"Kwa hiyo ukanituma."

"Sikukutuma, nili..."

"Nilikupigia simu nikakwambia tuwaambie pembeni. Ukanicheka, ukaniita mwoga. Ukanitegea maikrofoni, ukakaa mbele yangu ukanichekea ili niendelee." Alisema polepole, kama anayekisoma kitu hicho kwa mara ya kwanza. "Halafu miezi yote hii mama yako ananiita mwanamke wa pasi, na wewe upo hapo unakula. Mimi nimelala najichukia, na wewe upo."

"Nilikosea. Nimekonda kwa hilo, huoni? Nisamehe. Umetoka kumwomba kaka msamaha na amekupa. Nipe na mimi."

Dada alimshika mkono. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Nakupa," alisema. "Panda juu, umwambie. Si mimi nimwambie, wewe. Yule mtu anadhani alikuwa na bahati mbaya. Hajui kwamba alinyimwa neno moja. Mwambie, nami nitakaa pembeni yako hata akikupiga kofi. Tukimaliza, pete hii haitoki."

"Leo? Mama ndiyo kwanza ameanza kutabasamu. Nitamwambia. Kesho. Nakuapia, kesho."

"Una muda wote wa chakula," dada akasema, akaanza kupanda.

Walikula. Mama alimwekea mgeni kipande kikubwa kuliko vyote, akamsimulia jinsi Sauti alivyokuwa akiogopa giza. Kaka akacheka kile kicheko cha familia, kinachoanza kifuani na kupanda, na dada akalazimika kunywa maji. Kila maongezi yalipotulia alimtazama Sauti. Akampa nafasi, akampa nyingine. Kaka akauliza, "Jumamosi hii mna nini?" Na Sauti akashika uma, akaanza kueleza habari ya simu mpya inayokunjwa mara mbili, skrini yake ilivyo, chaji yake inavyokaa, kwa maneno yaliyopangika vizuri, na kaka yake akimsikiliza kwa fahari yote. Alieleza mpaka matunda yakaletwa. Alieleza mpaka vyombo vikaondolewa.

Chini, getini, dada alivua pete, akaitia kwenye mfuko ule ule wa shati ilikotoka.

"Nimesema kesho," Sauti alimwambia. Alikuwa analia sasa, waziwazi, na watu wanapita. "Kwani kesho ni mbali?"

Dada alimfunga kifungo cha mfuko ili pete isidondoke, akaenda zake.

Haikupita wiki, mama akampigia simu. Dada alikuwa mezani kazini, anachora nyumba ya wateja wawili waliokaribia kufunga ndoa.

"Mwanangu, nasikia umemwacha."

"Ndiyo, mama."

"Sisi tumekusamehe. Tumekukalisha mezani kwetu. Mmoja ulimwangusha, tukanyamaza. Sasa na huyu wa pili hali, halali. Amekukosea nini? Niambie mimi mamake, nitamsema."

Nyuma ya sauti ya mama alimsikia kaka akiuliza, "Ni shemeji? Msalimie." Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa fupi, na la kweli, na lingemsafisha yeye mara moja. Na angekuwa amemfanyia Sauti tena kazi ile ile, ya kumsemea neno lililompasa kulisema mwenyewe, kwa mtu yule yule, ila safari hii bila kicheko.

"Hajanikosea, mama. Nimeshindwa mimi."

"Umeshindwa nini?"

"Nimeshindwa tu."

Mama alivuta pumzi. "Watu walisema una kiburi, mimi nikakutetea," akasema. "Haya. Mungu akupe huyo unayemtaka."

Simu ikakatika. Dada akaiweka mezani kifudifudi, akavuta kiti karibu, akaendelea kuchora jiko la watu.